Herufi Moja Duarani

Barua imeingia,
tui mboga nachujia:
mwezi mpya ukingia
wote turudi kazini.

Kazi? Mbona naifanya!
Hesabu nimekusanya,
mafungu nimegawanya,
miguu i mkekani.

Mimi ni mtu wa Wete,
ofisi ya watu wote
iko Unguja, nipite
bahari hadi Mjini.

Miaka miwili sasa
Mkoani sijagusa,
nauli sijaitosa,
sijatapika botini.

Tena nikupeni siri:
mamangu ana sukari,
nampima kwa hadhari
asubuhi kitandani.

Nikimaliza kudunga
sindano, meza natenga,
saa mbili nimelenga.
Bosi ajua? Sidhani.

Lakini msinicheke:
nyumbani si kwa upweke,
kila mtu ana lake
analeta mlangoni.

Mama mkwe, Bi Mchanga,
akija huja na unga:
"Kwa kuwa wakaa, chunga,
mikono i mapajani."

Jirani huleta mwana:
"Nishikie, kazi huna."
Mara kuku, mara tena
ni mtungi wa jikoni.

Na bando nani hulipa?
Tukuza nayo yanipa
presha: mara nimekopa,
mara giza sebuleni.

Mkutano siku moja,
bosi akitoa hoja,
jogoo naye akaja
kawika masikioni.

Wote kimya. Kisha Faki
wa stoo, mtu hacheki,
kasema: "Na huyu haki
apewe ya kikaoni."

Huyo Faki sijamwona;
kwangu ni sauti, jina,
ni herufi moja, bwana,
duarani, kiooni.

Ila kila Jumatatu
ile sauti ya mtu
huuliza, si kwa kitu:
"Wa Wete, mu hali gani?"

Hujibu "Njema" haraka,
kitufe nishakishika
cha kuzima; namtoka,
swali lake li hewani.

Kundini wametetana:
Raya hataki, mchana
yuko na mwanawe; jana
katembea ukumbini.

Harubu ataka kwenda:
chumba kimoja, vitanda
vitatu; meza kaunda
kwa ndoo, iko chooni.

Bi Time, wa siku nyingi:
"Kazi, mambo yake mengi
nilisikia kwa wengi
nikipita koridoni."

"Na umbea," kajibiwa,
"nani leo kaolewa,
nani cheo kakipewa
kwa mlango wa uani."

Na bosi, Bwana Muhene,
ataka macho yaone
vichwa vyetu visongane
safu safu dawatini.

Nikaenda. Matapishi
yale yale hayaishi,
mfuko haunitoshi
mpaka pale gatini.

Ofisi ni ile ile:
feni ni ile kelele,
kalenda ya mwaka ule
ingalipo ukutani.

Bwana Muhene hakuja,
yu safarini. Mmoja
kanambia: "Tunangoja,
atakuja kiooni."

Nikauliza: "Na Faki?"
Kimya. Chai hainyweki.
Raya kajibu: "Hafiki.
Tulimweka Shaabani."

Kumbe lile "katutoka",
chini dua nikaweka
huku samaki napaka,
ndiye yeye? Wa stooni?

Pemba Mafaki ni tele,
nikadhani ni wa kule
Kiuyu, au ni yule
wa tawi la Micheweni.

Nikakiendea kiti.
Mgongoni kuna koti
la kijivu, na risiti
ya dawa, i mfukoni.

Picha ipo: kijana tu,
uso wa kupenda watu;
nami nilimpa kutu
ya uzee akilini.

Kiooni bosi kaja,
asifu sana umoja,
kakatika; tukangoja,
mdomo wazi pichani.

Mtaniuliza jibu:
nimeomba kwa adabu
nirudi Wete, sababu
nimeziandika chini.

Wamenipa nusu mwaka.
Nipo Wete. Nimechoka,
na unga ukinifika
nachunga, niko kazini.

Ila kikao kikiwa
karibu kufunguliwa
nawahi, na nimekuwa
sijifichi duarani.

Sura yangu waione,
nao zao nizione,
la kwanza tuulizane:
"Jamani, mu hali gani?"